Chakula cha Nyumbani, si cha Hotelini

Hivi karibuni alifika hapa Kiomboi kijana mmoja, mzaliwa wa hapa hapa, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anaendesha lori la mizigo huko Marekani. Alikuja kuwaona wazazi wake na kuzuru kaburi la bibi yake. Siku ya tatu ya likizo yake tulimkaribisha tule naye chakula cha mchana katika hoteli moja karibu na stendi, ambayo jina lake hatutalitaja, kwa kuwa yaliyotokea hapo yangeweza kutokea katika hoteli yoyote ya mji huu. Kijana alikaa, akanawa mikono, akamwuliza mhudumu kwa adabu: "Dada, leo kuna ugali wa uwele na mlenda?"

Mhudumu alicheka. Wateja wawili wa meza ya jirani nao wakageuka kumtazama, maana kijana alivaa viatu vya thamani na haikuwapitikia kwamba mtu wa namna hiyo angeuliza swali la namna hiyo. "Hicho ni chakula cha nyumbani, kaka," binti yule akajibu, "si cha hotelini." Kilichokuwepo kilikuwa wali kwa maharage, wali kwa nyama, ugali wa sembe kwa nyama, na chipsi mayai. Kijana akaagiza wali kwa maharage. Nasi tukaagiza hivyo hivyo.

Tangu siku ile tumekuwa tukilitafakari jibu la binti yule. Hatumlaumu, kwa sababu alisema kweli tupu. Katika mji huu, na katika miji mingi ya nchi yetu, chakula kimegawanyika mafungu mawili: kile tunachokula tukiwa tumefunga mlango, na kile tunachomwekea mgeni mezani. Swali letu ni hili: ni nani aliyetugawia mafungu hayo, na kwa faida ya nani?

Kabla ya kulijibu, yafaa tueleze aliyotusimulia kijana wetu wakati tukingojea sahani zetu, kwa kuwa ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Njia yake ya kawaida ni barabara kuu namba 35, inayoanzia mji wa Duluth katika jimbo la Minnesota, upande wa kaskazini, na kuishia Laredo, Texas, mpakani mwa Mexico. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 2,500, yaani kama kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza na kurudi, na zaidi kidogo. Mwaka wake wa kwanza, alituambia, alikula kitu kimoja tu: mkate wa mviringo uliotiwa nyama ya kusaga, pamoja na chipsi. Penye kila njia ya kutokea barabarani pamesimikwa kibao cha buluu chenye alama za hoteli zilizo karibu. Mbele kilomita mia moja, kibao kile kile na alama zile zile. Mbele kilomita elfu moja, hali kadhalika. "Mjomba," alisema, "unaweza kusinzia Iowa ukaamka Texas, ukala, na ulimi wako usijue kama umesafiri."

Jambo hilo halikuja kwa bahati. Ndugu wawili waliokuwa na hoteli katika mji wa San Bernardino, California, kwa jina la ukoo McDonald, waliifunga hoteli yao kwa muda mwaka 1948, wakaifungua tena wakiwa wamefuta vyakula vingi walivyokuwa wakiuza na kubakiza vichache tu vinavyopikwa upesi, kwa mpango kama wa kiwandani. Mwaka 1955 mfanyabiashara Ray Kroc alifungua tawi lake karibu na Chicago na kuanza kulieneza jina hilo nchi nzima. Mwaka uliofuata, 1956, Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga barabara kuu za urefu wa zaidi ya maili 40,000. Barabara na mkate wa nyama vikakua pamoja kama watoto pacha. Msafiri aliyechoka, aliye ugenini, huogopa kudanganywa. Akiona alama anayoijua, moyo hutulia. Tukiri kwamba hofu hiyo ni ya kweli. Hata sisi, tukishuka basi usiku katika mji tusioujua, hutafuta chai na chapati, maana chai haiwezi kutushangaza sana.

Kabla ya barabara hizo kulikuwa na mchuuzi mmoja wa kazi za uchapaji, Duncan Hines, mzaliwa wa Kentucky, aliyezunguka nchi ile kwa gari miaka nenda miaka rudi na kuandika kila mahali alipokula vizuri. Krismasi ya mwaka 1935 aliwatumia rafiki zake orodha ya hoteli hizo badala ya salamu za kawaida. Mwaka 1936 orodha ikawa kitabu, na hoteli zikawa zinatundika kibao kwamba bwana huyo amezisifu. Leo Wamarekani wengi hulijua jina lake kwenye maboksi ya unga wa keki tu.

Lakini hapa hapana budi tusimame kidogo, kwani mwaka ule ule wa 1936 kilitoka kitabu kingine cha wasafiri, na hicho ndicho kilichotugusa sisi zaidi. Kilitungwa na tarishi wa posta wa Harlem, New York, aitwaye Victor Hugo Green, naye alikuwa Mmarekani mweusi. Kitabu chake hakikuuliza ni wapi mchuzi ni mtamu. Kiliuliza ni wapi mtu mweusi anaweza kuketi akauziwa chakula bila kufukuzwa, akapata kitanda, akajazwa petroli. Kiliendelea kutolewa kwa miaka thelathini hivi. Wakati bwana mmoja akitafuta ladha, mwenzake alikuwa akitafuta mlango.

Na asidhani mtu kwamba hayo yaliwahusu wenyeji wa kule peke yao. Mwezi Juni 1961, balozi wa Chad, Ndugu Adam Malick Sow, alikuwa njiani kutoka New York kwenda Washington kuwasilisha hati zake kwa Rais Kennedy. Alisimama katika mkahawa mmoja kando ya barabara namba 40, jimbo la Maryland, akaomba kahawa. Akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Alikuwa balozi wa nchi huru ya Afrika, mwaka ule ule ambao Tanganyika ilikuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake. Nao vijana wanafunzi wanne wa Greensboro, North Carolina, walikuwa wamekwisha kukaa kwenye meza ya chakula ya Woolworth, tarehe 1 Februari 1960, wakakataa kuondoka. Sheria ya kukomesha ubaguzi huo katika hoteli na mikahawa haikupita hadi Julai 1964.

Tunayakumbusha haya kwa sababu maalumu. Mahali pa kula si mahali pa kula tu. Ni mahali ambapo jamii humwonyesha mtu ni nani anayehesabiwa na ni nani asiyehesabiwa. Wazee wetu wa hapa walioishi chini ya mkoloni waliyajua hayo bila ya kusoma kitabu, kwani walizijua hoteli ambazo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni tu, akiwa mpishi au mtumishi.

Sasa basi, kijana wetu, baada ya mwaka wa kuchoka na mkate wa nyama, alianza kufanya kama Duncan Hines. Akipata saa za mapumziko huacha barabara kuu, huingia mjini, hutazama wanapokula mafundi na wazee wa mahali. Penye orodha ndefu kama ya mizigo ya meli hupaogopa. Penye vyakula vitatu vilivyoandikwa kwa chaki, hukaa. Katika mji mdogo wa Lockhart, Texas, alikuta nyama ya ng'ombe iliyobanikwa kwa moshi wa kuni, ikipimwa kwa mizani na kufungwa katika karatasi ya buchani, akaona kama yumo mnadani kwetu. (Zipo na nyama za nguruwe huko, naye ni Mlutheri, haimsumbui. Wamisionari wa Kilutheri wa Kimarekani ndio waliokuja Iramba katika miaka ya 1920, na hospitali ya Kiomboi ni kazi ya mikono yao. Kwa hiyo ujirani wetu na Wamarekani ni wa zamani. Sisi wa chuoni tungeuliza kwanza kisu kilikuwa cha nani.)

Huko Minneapolis, karibu na anapokaa, hula kwa Wasomali: wali wenye viungo, nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni ya sahani, nayo huliwa pamoja na wali. Watu wale walifika Marekani wakikimbia vita, wengi wao mikono mitupu. Lakini hawakuiacha ndizi yao. Leo Wazungu wa Minnesota hupanga foleni kuila. Washington nako, hoteli za Wahabeshi ni sehemu ya sifa ya mji. Tunavyoelewa sisi, ladha nyingi za Marekani hazikutokana na utajiri wake. Zilitokana na watu waliokuja na vyungu vyao na wasiovionea haya.

Kisa kilichotunyamazisha ni cha New Orleans. Kijana alipelekwa huko na mzigo, akaambiwa asiondoke bila kula chakula kiitwacho gumbo. Akaletewa bakuli. Akatia kijiko, akakivuta, na mchuzi ukavutika nao. Ulikuwa na bamia! Alicheka peke yake mezani hata watu wakamshangaa, maana alikuwa amesafiri nusu ya dunia kuja kuuziwa mlenda kwa dola. Wataalamu wa lugha husema hata jina lenyewe la gumbo limetokana na jina la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola. Watu waliopelekwa huko wakiwa wamefungwa minyororo walikwenda na ujuzi wa bamia vichwani mwao. Katika mji huo huo kulikuwa na mama mmoja mashuhuri, Leah Chase, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2019, mpishi wa hoteli ya Dooky Chase. Wakati wa harakati za kudai haki, weusi na weupe walikutana katika chumba cha juu cha hoteli yake, kinyume cha sheria za ubaguzi za siku zile, wakapanga mikakati yao huku wakila gumbo. Mlenda, ndugu wasomaji, umekwisha kuhudhuria vikao vizito kuliko vyetu.

Jambo jingine aliloliona ni mashamba ya mtama katika jimbo la Kansas, yamejaa hata macho hayafiki mwisho. Alifurahi, akauliza ni wapi anaweza kupata ugali wake. Akaambiwa mtama ule kwa sehemu kubwa ni wa mifugo. Wazee wetu wanaoukumbuka ule unga wa manjano wa kutoka Marekani, uliobatizwa "Yanga" enzi za njaa, wataelewa kwa nini tulitazamana.

Turudi hapa kwetu. Wingi wa vyakula kwa msafiri si wingi wa sahani katika hoteli moja. Ni tofauti kati ya mji na mji. Abiria atokaye Dar es Salaam kwenda Mwanza hupita katika nchi ya Wagogo, akapita kwa Wanyaturu, akapita kwetu Iramba, akateremka Sekenke na kukata mbuga hadi Shelui, akaingia kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Amepita katika vyungu vya makabila matano. Je, amekula nini? Chipsi kuku Morogoro, chipsi kuku Dodoma, wali nyama Singida. Ulimi wake, kama alivyosema kijana wetu, haujui kama umesafiri. Na sisi hatukujengewa barabara za maili 40,000 wala hatukuletewa Ray Kroc. Tumejifanyia wenyewe, bure.

Hebu tuitazame sahani ya chipsi mayai iliyowekwa mezani Kiomboi. Viazi vyake aghalabu vimetoka Nyanda za Juu Kusini, safari ya siku nzima na zaidi. Mafuta yake mara nyingi ni ya mawese, yaliyopakiwa melini Asia ya mbali. Mayai ni ya kuku wa kisasa. Sisi tunaokaa katika mkoa ambao umejaa alizeti, ambao vitunguu vyake vinasifiwa hadi nje ya nchi, na ambao kuku wake wa kienyeji wamekuwa jina la biashara katika masoko ya Dar es Salaam, tumempa msafiri sahani ambayo ndani yake labda ni chumvi tu yenye ujirani nasi. Ziwa Kitangiri tunalo, na kambale wake na perege wake. Asali tunayo. Mtama na uwele ndivyo vilivyowalea wazazi wetu katika ardhi hii ambayo mvua zake ni za kuomba dua. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele na ulezi, kwa sababu zinastahimili ukame na zina manufaa mwilini. Mwaka ule ulipita Kiomboi kama basi lisilosimama.

Zamani tungeliita jambo hili kasumba ya kikoloni na kumaliza hotuba. Ni kasumba, hatukatai. Lakini sisi tuliolelewa katika Chama tulifundishwa pia kujikosoa, kwa hiyo tutasema yetu. Wakati mmoja tulikuwa katika kamati ya kupokea wageni waliokuja kutoka mkoani. Kikundi cha akina mama kilikuja kuomba kazi ya kupika. Walipendekeza ugali wa mtama, mlenda wa karanga, kuku wa kienyeji na maziwa mgando. Sisi wenyewe, kwa kinywa chetu, tulisema wageni wataona wamedharauliwa. Tukaagiza pilau na kuku wa kisasa kutoka mjini Singida. Gari lilichelewa, pilau likafika limepoa, na mafuta yameganda juu yake. Wageni walikula kwa adabu. Walipokuwa wakiondoka, mzee mmoja wa kike miongoni mwao alitushika mkono pembeni akatuuliza kama tunaweza kumpatia mlenda wa unga kidogo aende nao. Tulikwenda kuununua kwa wale wale akina mama tuliowakatalia. Hawakutuambia neno, na hilo ndilo lililotuuma.

Tulipoamua kuandika makala haya tulirudi kwa mama mwenye ile hoteli ya karibu na stendi, tukamweleza fikra zetu. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatueleza mambo ambayo katika vikao vyetu hatujawahi kuyasikia.

Kwanza, alisema, unga wa uwele haukai. Ukisaga leo, baada ya siku chache huanza kuwa mchungu, kwa sababu punje ya uwele ina mafuta. Sembe hukaa stoo wiki nyingi. Kwa hiyo apikaye uwele lazima asage kidogo kidogo, na mashine haipendi mteja wa kilo tatu. Pili, mlenda haungoji. Hupikwa kwa maji yenye magadi kidogo, ukatiwa majani makavu yaliyotwangwa, ukapigwa kwa upekecho, ukatiwa karanga, ukaliwa wa moto. Maharage huweza kukaa jikoni tangu asubuhi hadi jioni bila kunung'unika. Tatu, na hapa alinyoosha kidole kuelekea barabarani, kuku. "Baba, hao kuku mnaowasema siwapati." Wachuuzi hufika vijijini kabla ya jua, hununua milangoni, hujaza matenga, na jua likichomoza matenga yako njiani kwenda Dar es Salaam. Anayebaki Kiomboi ni ghali, na nyama yake hutaka moto wa muda mrefu, na mkaa nao una bei yake. Akimpika inavyotakiwa, bei ya sahani itamfukuza fundi baiskeli ambaye ndiye mteja wake wa kila siku.

Tulimwuliza kuhusu mabasi. Alicheka kama alivyocheka yule binti wake. Kiomboi haiko katika barabara kuu. Mabasi makubwa hupita Misigiri bila kugeuza shingo. Na hata hayo yanayosimama njiani husimama wapi? Kila abiria wa nchi hii anajua kwamba basi halisimami penye chakula kizuri. Husimama pale ambapo dereva na utingo hulishwa bure. Abiria sitini hupewa dakika kumi na tano, wakimbilie chooni na dirishani kwa wakati mmoja, na katika dakika kumi na tano kinachoweza kununuliwa ni kile kilichokwisha kukaangwa tangu alfajiri. Hapo ndipo ladha ya nchi nzima inapoamuliwa, wala si katika wizara yoyote.

Tukaona basi kwamba kumlaumu mama huyu ni dhuluma. Maamuzi yake ni ya mtu anayepiga hesabu ya kila shilingi. Wenye uwezo wa kuibadili hesabu hiyo ni wengine. Ni sisi tunaoandaa semina, mikutano, mahafali na mapokezi, ambao kila mwezi huagiza mamia ya sahani, na kila mara huagiza pilau na soda. Hatuna haja ya mradi wala mfadhili. Kamati ikiandika katika barua yake ya kuagiza chakula, "ugali wa uwele, mlenda, samaki wa Kitangiri, vitu vyote vikaangwe kwa mafuta ya alizeti ya hapa," yule mwenye mashine atapata mteja wa kilo hamsini badala ya tatu, na atasaga kwa furaha. Mkulima wa uwele, ambaye leo anashawishika kupanda mahindi yanayomfia shambani miaka ya ukame, atapata sababu ya kutoyapanda. Na kuku mmoja mmoja ataanza kukosa tenga la Dar es Salaam. Mwaka 1975, katika kampeni ya Chakula ni Uhai, wananchi walikaa katika vikundi kando ya redio kujifunza kuhusu lishe. Sisi tunaomba kitu kidogo kuliko hicho: karatasi moja ya oda.

Wala mtu asituambie kwamba kumlisha msafiri chakula cha kwetu ni ugeni katika sehemu hizi za dunia. Ibn Batuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa na kulishwa, na akaandika kwa furaha ya wazi alivyoletewa: wali uliopikwa kwa samli, mchuzi wa kuku, wa nyama, wa samaki na wa mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Aliletewa mara tatu kwa siku. Wenyeji wake hawakumpikia chakula cha Tangier ili ajione yuko kwao. Walimpa walichokula wao, na ndiyo maana miaka karibu mia saba baadaye bado tunakijua. Chuoni tulipokuwa watoto tulifundishwa kwamba msafiri ni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Hatukuambiwa apewe chipsi.

Tulipatana na yule mama hivi: siku ya mnada unaofuata atapika ugali wa uwele na mlenda, chungu kimoja tu, kwa majaribio, nasi tulipe sahani kumi mapema, fedha taslimu, ili asiingie hasara. Alisisitiza neno mapema mara mbili, na kwa kuwa anatufahamu tangu ujana hatukuona vibaya. Sahani kumi zingeliwa na watu ambao tungewaalika sisi.

Kijana wetu hakuwahi kuiona siku hiyo. Alikwisha kuondoka, na katika sanduku lake, kati ya mashati, mama yake alimfungia kilo mbili za mlenda wa unga, akasali maofisa wa forodha wa Minneapolis wawe watu wa huruma.

Siku ya mnada tulikuwa na kikao kilichorefuka kama kawaida ya vikao vyetu. Tulifika hotelini saa nane na robo pamoja na wageni wetu wanne. Binti yule yule alitupokea, safari hii bila kucheka, akatuambia kwamba chungu kilikwisha saa saba. Wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka upande wa Wembere walisikia harufu ya karanga tokea nje, wakaingia, wakala sahani zetu kumi na nyingine saba. Mama alikuwa nyuma akiosha upekecho. Alisema fedha zetu zipo, na kwamba mnada ujao atasaga uwele zaidi endapo umeme wa mashine hautakatika. Tukaketi, tukala wali kwa maharage.